Chupa ya Mzee Hatari

"Rudini nyuma," Mzee Hatari aliwaambia wanafunzi. "Zaidi. Mpaka mlangoni."

Jina hilo walimpa wao wenyewe. Kwa miaka ishirini na mbili fundi huyu wa maabara alikuwa akiilinda chupa moja ya sodiamu iliyozamishwa kwenye mafuta ya taa. Kila mwaka aliwasimulia watoto jinsi metali ile laini inavyowaka na kulipuka ikigusana na maji. Kusimulia tu. Kuionyesha, ng'o!

Sasa kaja mwalimu mpya wa kemia, binti mbishi kweli, hataki masimulizi. Wiki tatu nzima mzee alimpiga chenga: mara ufunguo umepotea, mara hewa ina unyevu, mara kifua kinambana. Binti akaenda kwa mwalimu mkuu, na amri ikatoka. Zilibaki siku kumi mzee astaafu, na sherehe ya kumuaga ilikwishapangwa. Mambo yakiharibika leo, basi tena, heshima yote ya miaka hiyo imekwenda.

Mwalimu alivaa miwani na glavu, akajaza maji kwenye karai juu ya meza, akafungua chupa. Mzee alisimama ubavuni pake, jasho linamtiririka.

"Mzee wangu, nawe vaa miwani."

"Mimi hainisaidii kitu, mwanangu."

Koleo likainuka na kipande, mafuta yakichuruzika. Mzee uvumilivu ukamshinda. Alilipindua karai, maji yakatapakaa sakafuni, akampokonya binti koleo na kipande chake, akaikumbatia chupa na kutoka nayo mbio.

Kelele zilimleta mwalimu mkuu. Alipoelezwa, alimkata binti jicho, kisha akamfuata mzee nje, akamrudisha ndani akiwa amemshika mkono. Mbele ya darasa zima akasema mtu huyu ameokoa watoto wa watu, na jaribio hilo marufuku shuleni kwake. Binti aliomba radhi, machozi yakimlengalenga. Mzee alimwonea huruma kwelikweli.

Alijifungia stoo, akakirudisha kipande chupani. Angeagwa kwa heshima zake. Mlipuko haukuwahi kumtisha hata siku moja: sodiamu yote aliimaliza mwaka wake wa kwanza kazini, kipande baada ya kipande, ndani ya karai la maji, akimfurahisha mchumba wake, na mle chupani akajaza chaki.