Boti Inayoniita kwa Jina la Marehemu

“Somo, mbona siku hizi boti yako inakuita Mzee Athumani?” aliwahi kuniuliza jirani yangu, Bi Mwanasha.

Nilicheka tu. Boti hizi za matanga tunamoishi husema zenyewe, na hukunja ukutani kitanda kisicholaliwa siku arobaini na kumwandika mwenye kitanda kuwa amefariki. Mume wangu, Athumani, alipofariki nilihamia kitanda chake ili kisikunjwe, kwa kuwa godoro bado lina bonde la mgongo wake. Kikakunjwa changu, na boti ikaandika kuwa marehemu ni mimi.

Leo fundi kaja kurekebisha kumbukumbu za boti. “Nikikurudisha kwenye walio hai, mama, kitanda cha mzee kitakunjwa.”

Kabla sijajibu, boti ikauliza, “Mzee Athumani, nipunguze baridi?”

Mungu anisamehe. “Punguza,” nikasema.

Fundi akakusanya vyombo vyake, akatoka bila kubadili chochote.