Kugonga Mkeka

Mwashamba alizikimbia shule mbili za hapkido, mapigano ya Kikorea ya kusokota viungo, kwa sababu moja tu: mwanafunzi akigonga mkeka kuomba aachiwe, mwalimu alizidi kusokota. Huyu wa tatu, Mwalimu Kibwana, aliachia papo hapo. Mwashamba akavua viatu.

"Haya dada, usokote mkono wangu. Nikigonga, niachie."

Akausokota. Kibwana akagonga.

Mwashamba akakumbuka ukuta wa chumbani kwake, alivyougonga miaka saba, na mumewe asiachie.

"Dada, basi! Inatosha!"

Kiganja kiliupiga mkeka tena na tena. Mwashamba alikisikia vizuri, na akajua kwamba hata mumewe, miaka yote ile, alikuwa akisikia. Mikono yake mwenyewe haikulegea.