Mrushaji wa Akiba

Wanyama wa bondeni walipenda mchezo wa mpira wenye umbo la yai, na mrushaji wao mkuu alikuwa Nyani. Tumbili, mrushaji wa akiba, alikaa benchi miaka yote akiwapigia wenzake makofi. Nyani alipoteguka bega, Tumbili aliingia na kushinda kila mechi mpaka fainali. Siku ya fainali Nyani akapona.

"Rudi benchi, mwanangu," akasema kocha Ngiri.

"Kwa kosa gani, mwalimu?"

"Huna kosa. Wewe ni hodari mno. Ukiumia, nani ataingia badala yako?"

"Si yupo Nyani?"

"Nyani akae benchi? Atanuna, atatugombanisha wote! Wewe ni mpole, utavumilia."

Kumbe timu haikuwahi kuupima mkono wa Tumbili; ilipima upole wake. Tumbili akaunyakua mpira, akapanda nao juu ya goli.

"Shuka wewe, mechi inaanza!" Ngiri akapaza sauti.

"Sishuki! Leo nimenuna mimi!"

Ngiri hakuwa mbaya, aliogopa ugomvi tu. Akamgeukia Nyani, akamwambia taratibu, "Hebu kaa benchi kidogo, baba."

Tumbili akashuka, akacheza. Lakini aibu ni ya timu inayosubiri mpole akasirike ndipo impe haki yake.