Ndoo ya Tano

Tangu bei ya dizeli ipande, Mzee Sadala alikuwa hawashi mashine yake ya kusaga mpaka ndoo tano zitimie mlangoni. Ya Bi Mashavu ilikuwa ya tano, na nyumbani mama yake mgonjwa alingojea uji.

“Kodi za chama chenu zimetumaliza!” alifoka Chande, amekalia ndoo yake.

“Ninyi mlipotawala, mafuta yaligawiwa bure?” Kombo alimcheka, naye amekalia yake.

“Wanangu, mimineni mahindi kwanza, mtagombana baadaye,” Bi Mashavu aliwasihi.

Chande aliinuka, akafunua ndoo. Ilikuwa tupu, na ya Kombo vilevile. “Sisi hatusagi, mama. Tumekaa tu.”

Mzee Sadala alihesabu upya: ndoo za mahindi zilikuwa tatu tu, hakuwasha mashine. Bi Mashavu alijitwika mahindi yake, akaenda kutafuta nyumba yenye kinu, huku nyuma yake mabishano yakianza upya.