Hina Iliyolala

Somoe alikuja nyumba ya harusi na mabakuli mawili ya hina kikapuni. Hina moja aliikoroga jana kwa ndimu, ikalala, ikaiva. Nyingine aliikoroga asubuhi hiyo kwa maji matupu, na rangi yake ingepauka hata kabla ya fungate kwisha, watu waseme mume hampendi mkewe. Hiyo ndiyo aliyokusudia kuitumia.

Bi Tatu, mama wa bibi harusi, ndiye aliyeeneza mji mzima uvumi kwamba Somoe ana ukoma mikononi. Tangu hapo hakuna aliyemwita kuchora. Leo mchoraji wao kaugua, wakamkumbuka.

Bibi harusi hakusita. Alimnyooshea viganja vyote viwili, akasema, "Dada, nichoree yale maua yako makubwa."

Somoe aliviangalia viganja vile. Kisha akanyanyuka, akaenda kumwaga hina mbichi uani, akarudi kuchora kwa ile iliyolala.

Alipomaliza, hina ilikuwa imebaki.

"Bi Tatu, lete mkono."

Bi Tatu aliuficha ndani ya kanga. "Mimi mtu mzima, mwanangu. Niache."

"Lete. Nataka nikushike mbele ya watu."

Wanawake waliomzunguka bibi harusi wakaacha kuimba. Mkono ukatoka taratibu, ukitetemeka, na mkono unaotetemeka hauchoreki. Somoe akaufumbata kwa kiganja chake kitupu, akangoja utulie, huku tone la hina likining'inia kwenye ncha ya kijiti cha kuchorea.