Maji ya Siwatu

Zamani, wanyama walipokuwa ndiyo kwanza wanaanza kupeleka watoto shule, Mama Fuko alikuwa na binti asiyeona, jina lake Siwatu. Mama huyo aliomba jambo moja tu: herufi zichorwe ardhini, mtoto azipapase kwa vidole.

"Haiwezekani," alisema Mwalimu Mkuu Kiboko. "Hapa wote ni sawa. Nikimpendelea mmoja, kesho kila mzazi atakuja na lake."

Mama Fuko akamshtaki kwa Hakimu Kongoni. Siku ya shauri jua lilikuwa kali, na kabla Kiboko hajamaliza kujitetea, ngozi yake ilianza kukauka na kupasuka.

"Mheshimiwa, naomba maji," alisema. "Mimi si kama nyinyi. Bila maji siwezi hata kufikiri."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Mama Fuko. Alikuwa na la kumjibu, tena lilikuwa limemfika kooni. Lakini aliinuka, akachota maji mtungini, akammwagia mgongoni taratibu, kata baada ya kata.

"Pole, Mwalimu," alisema. "Mwanangu naye aliomba maji yake tu."

Kiboko akainamisha kichwa. Hakimu hakupata hata nafasi ya kutoa hukumu.

Kesho yake Mama Fuko na binti yake walimkuta Kiboko kando ya mto, anakanyaga tope kwa miguu yake mizito, anachora herufi kubwa kuliko Siwatu mwenyewe. Akamtajia mtoto jina la herufi ya kwanza; mtoto akaingia ndani yake, akatembea huku akipapasa kingo zake, kisha akapaza sauti:

"Mama! Nimo ndani ya A!"