Nusu Duru ya Koki

Wiki aliyokuwa anastaafu, Profesa Shangali alimwomba fundi wa maabara, Bi Mwanahawa, aongeze gesi kwenye mtungi wa kioo uliozungukwa na sumaku. Ndani yake plazma, gesi iliyochajiwa umeme, iling'aa zambarau. Gesi ikizidi, chembe hugongana zaidi na wimbi linalopita ndani ya plazma hutulia. Ndivyo alivyofundisha miaka yote.

Bi Mwanahawa alizungusha koki nusu duru tu. Kwenye skrini, wimbi likavimba.

Profesa akafungua tasnifu ya Tunu, mwanafunzi aliyemfelisha miaka tisa iliyopita. "Migongano huzichelewesha elektroni," Tunu aliandika, "na kuchelewa huko hulikuza wimbi." Juu ya sentensi hiyo, kwa wino mwekundu wa Profesa: Upuuzi.

"Aliniomba nimfungulie koki hii," Bi Mwanahawa alisema. "Nikamwambia hujaruhusu, Profesa."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Ana cherehani pale sokoni. Alimshonea mjukuu wangu sare. Akaniuliza kama mtambo bado unafanya kazi."

Profesa alilowesha kidole gumba kwa mate, akalisugua lile neno. Halikufutika. Wino ulisambaa, ukaifunika sentensi nzima ya Tunu.